Gunia la Makombe na Bwana Nyama wa Mikumi

Kosa langu la kwanza lilikuwa neno moja, na nililiandika kwa mwandiko mzuri kabisa. Badala ya kuandika makombe, niliandika nyara. Mmeniuliza mara nyingi ni kitu gani kilinichelewesha safarini, na kila mara nimejibu "mvua", kisha nikageuza mazungumzo. Mvua ilikuwepo kweli. Lakini ninyi ni rafiki zangu, na nimechoka kuisingizia mvua. Kwa hiyo nimekaa kuyaandika yote kama yalivyokuwa, pamoja na yale ambayo hata leo siyaelewi.

Tindiga hadi Kilosa

Mnaukumbuka mradi wa kuku wa akina mama: banda moja kubwa, kuku weupe wa kizungu walioletwa kwa lori, na mama mdogo wangu Zaituni akiwa msimamizi. Kuku walianza kutaga vizuri tu, lakini mayai yalitoka na ganda laini kama ngozi. Ukiligusa linabonyea. Mengi yalipasuka chini ya kuku wenyewe, nao wakayala, na kuku akishazoea kula mayai yake haachi. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza mbele ya watu wote kwamba Jumamosi ya wiki inayofuata kutakuwa na mkutano. Ikiwa dawa haijapatikana, kuku watagawanywa nyumba kwa nyumba, kila mtu akale nyama yake, na mradi umekwisha.

Mimi ndiye niliyesema dawa ipo. Nilikuwa na kijitabu cha ufugaji ambacho nilikisoma mpaka kurasa zikalegea. Shule niliishia darasa la nne; yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe, na mtu aliyejifundisha mwenyewe huogopa sana kukosea, kwa kuwa hana mwalimu wa kumlaumu. Kijitabu kilisema kuku wapewe makombe ya pwani, yale maganda ya baharini, yaliyosagwa, "au kitu kingine cha namna hiyo". Hayo maneno ya mwisho niliyaruka nilipowasomea akina mama. Niliona kitu kingine ni cha watu wavivu.

Basi nikachaguliwa kwenda pwani kuleta gunia moja. Nilipokuwa naandika barua ya kunisaidia njiani, mama mdogo, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, alisimama nyuma yangu akiwa na ungo mkononi.

"Andika tu ni chakula cha kuku," akasema. "Watakuacha upite."

"Mama mdogo, barua ya kijiji haiandikwi hivyo."

"Inaandikwaje?"

"Kwa lugha ya heshima."

Barua niliirudia mara nne. Kuku na chakula chao niliona ni maneno ya jikoni. Neno nyara nilikuwa nimelikuta gazetini, katika habari ya jeshi la zamani lililorudi nyumbani na nyara nyingi, nikadhani maana yake ni vitu vya thamani vilivyoletwa kutoka mbali. Nikaandika: "Mchukuzi wa barua hii asaidiwe kupita na nyara za bahari kwa ajili ya maendeleo ya taifa." Mwenyekiti aliisoma taratibu, akapiga muhuri, akasema hajawahi kutia muhuri barua nzuri kama hiyo. Nilitembea siku nzima nikiirudia sentensi ile kimoyomoyo.

Mpaka Kilosa nilipanda tela la trekta la kijiji, juu ya magunia ya mpunga. Karibu na stesheni nilikunywa chai kwa maandazi, na mama muuza chai akaniuliza ninakwenda wapi.

"Pwani, kufuata makombe."

"Haa! Hongereni! Timu yenu imeshinda wapi?"

Nilimweleza kwamba si makombe ya mpira. Akaniangalia kwa huruma. "Basi ni kombe la kunywa? Nani anaumwa?" Alidhani ninamfuata shehe wa kuniandikia aya, zioshwe kwenye sahani, mgonjwa anywe. Nikasema hapana, ni makombe yale ya baharini, matupu. Akaniongezea sukari bila kuombwa. Nadhani aliamua kwamba mgonjwa ni mimi.

Kilosa hadi pwani

Gari moshi lilichelewa nusu siku, kisha likaenda vizuri. Sitawachosha na Dar es Salaam. Nilipita tu, nikaelekea kijiji kimoja cha kaskazini ambako niliambiwa makombe yamejaa.

Yalikuwa yamejaa kweli. Bahari ilikuwa imekupwa, na ufuko wote ulikuwa mweupe kwa makombe, makubwa na madogo, mengine yamevunjika, mengine yanang'aa. Nilisimama na gunia tupu mkononi nikashindwa kuinama. Wazo moja lilinishika: haya ni ya nani? Kwetu hata kuni za msitu wa kijiji zina utaratibu. Nikaona afadhali niulize kwanza.

Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa akichimba chaza mchangani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa.

"Mama, makombe haya yanaruhusiwa kuokotwa?"

"Yaokote, baba. Ila lenye mwenyewe ndani liache."

"Mwenyewe ni nani?"

Akacheka mpaka akakaa chini. "Mdudu wake! Wewe umetoka wapi?"

Basi kila kombe nililoliokota nikalichungulia ndani kama daktari wa masikio. Nilikuwa sijafika hata robo gunia alipokuja kijana wa mgambo, bunduki ya mti begani.

"Nani amekuruhusu?"

"Nilikuwa natafuta wa kumwomba ruhusa, ndugu."

"Kitu kisicho na mwenyewe ni cha serikali."

"Na serikali hapa ni nani?"

Akafikiri kidogo. "Serikali ni sisi wananchi."

"Mimi pia ni mwananchi."

"Ndiyo."

"Basi naweza kuchukua?"

"Sijasema hivyo," akasema, akanipeleka kwa balozi wa nyumba kumi.

Balozi tulimkuta anakula wali kwa samaki. Alinikaribisha nikale naye, na huku akitoa miiba kinywani aliniambia kwamba makombe wao wanayakanyaga tu, na wengine huyachoma wapate chokaa, kwa hiyo nichukue. Nilimwomba aniandikie hivyo nyuma ya barua yangu. Akasita. "Hilo la kuandika hapana, mwanangu. Kwa sababu kusema kweli sijui kama mimi naweza kuruhusu. Wewe chukua, ila usiseme ni mimi."

Nikajaza gunia, nikalishona kwa kamba ya katani. Niliondoka pale sijui kama nimepewa au nimeiba.

Morogoro hadi katikati ya mbuga

Nilifika Morogoro Alhamisi. Stesheni wakatuambia mvua imekata reli mbele na gari moshi haliendi Kilosa. Mtu mmoja akanionyesha njia nyingine: nipande basi la barabara ya Iringa mpaka Mikumi, na hapo Ijumaa saa nane mchana lingepita gari moshi la tawi linalotoka Kidatu kwenda Kilosa. Jioni ningekuwa Kilosa, Jumamosi asubuhi Tindiga, kabla ya mkutano. Nikilikosa, jingine ni baada ya siku tatu. Nilipiga hesabu hiyo mara nyingi na kila mara ilikubali.

Kwenye basi nilikaa na Bi Mwanaidi, mama wa makamo kutoka Pangani, aliyekuwa akienda kumwona mwanawe kwenye mashamba ya miwa. Yeye pia angeshuka Mikumi, akasubiri gari moshi la kwenda upande wa pili. Alifungua kapu, akatoa mkate wa kumimina, harufu ya iliki ikajaa basi zima. Akanikaribisha. Nikakataa kwa adabu. Akanikaribisha tena, nikakataa tena, kwa sababu nilikuwa nimejiwekea kanuni kwamba mtu mwenye adabu hukubali mara ya tatu. Mara ya tatu haikuja. Aliufunga mkate, akaurudisha kapuni, nami nikakikodolea macho kifuniko cha kapu lile mpaka tulipoingia mbugani.

Mwanzo wa mbuga palikuwa na kibao: usiue, usichume, usiokote. Nilikisoma kwa sauti, nikaridhika kwamba hakinihusu. Haukupita muda, tairi la nyuma likapasuka.

Kondakta akatushusha na kutuonya tusitoke barabarani. Kwa mbali nyati walikuwa wamesimama wanatutazama. Ili kulipata tairi la akiba ilibidi mizigo ishushwe kutoka juu ya basi, na gunia langu likaachiwa kabla halijashikwa vizuri chini. Likapasuka mshono. Makombe yakamwagika kando ya barabara, kwenye majani yaliyoungua.

"Mwalimu, sahani zako zimevunjika!" abiria mmoja akapiga kelele. Walikuwa wananiita mwalimu kwa sababu ya kalamu mfukoni.

Abiria wakanisaidia kuokota, haraka haraka, kwa kuogopa wale nyati. Nilifurahi. Gunia lilijaa kuliko lilivyokuwa, jambo ambalo lingepaswa kunishtua mara moja. Lilinishtua tulipokwisha ondoka, gunia sasa likiwa miguuni pangu. Nilitia mkono ndani nikatoa kitu cheupe, chepesi kama karatasi, kimejikunja kama kilemba. Kitu cha namna hiyo sikukiona pwani. Lilikuwa ganda la konokono wa nchi kavu. Nikatoa jingine. Na jingine. Pale kwenye majani yaliyoungua yalikuwa yametapakaa, na abiria waliokota kila cheupe walichokiona.

Usiokote. Nilikuwa nimekisoma kibao kwa sauti, watu wakisikia.

Kizuizini Mikumi

Kwenye kizuizi cha kutokea mbugani alikuwapo askari mmoja wa wanyamapori, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Watu humwita Bwana Nyama, kama wanavyoitwa wote wa kazi hiyo. Alipanda basini, akatazama huku na huku, akagusa gunia langu kwa mguu.

"La nini hili?"

Angalieni jinsi nilivyo. Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake mama mdogo alishanipa kabla sijatoka nyumbani. Mimi nikatoa barua.

Aliisoma. Akaisoma tena. "Nyara?"

"Ndiyo, afande. Za bahari."

"Shuka."

Chini, alinieleza polepole kama anayemweleza mtoto. Nyara ni pembe, ni ngozi, ni meno, ni kucha, ni kitu chochote cha mnyama wa porini. Nyara ni mali ya serikali, na mtu akikutwa nazo bila kibali hufungwa.

"Unacho kibali?"

"Barua ndiyo hiyo, afande."

"Barua inasema unazo. Haisemi umeruhusiwa. Fungua."

Nikafungua. Akachota mkono mmoja, akayaacha yaanguke kidogo kidogo. "Haya si makombe?"

"Ni makombe."

"Sasa kwa nini umeandika nyara?"

"Ni lugha ya heshima, afande."

Abiria wote walikuwa madirishani, wakacheka. Hata yeye alitabasamu. Akanirudishia barua yangu. "Bahari si kazi yangu. Funga mzigo wako, uende."

Mngekuwa ninyi mngefunga. Ilikuwa saa tano na nusu, na stesheni haikuwa mbali. Nilishika kamba ya gunia, na nikajisikia nikisema, "Afande, humo ndani kuna mengine ya humu mbugani."

Kondakta akapiga bodi la basi kwa kiganja. "Aa, mwalimu! Si ungenyamaza!"

Tabasamu la Bwana Nyama likaondoka. Akaniuliza yapi ya mbugani na yapi ya baharini. Nikasema yamechanganyika. Akasema basi ni lazima yachambuliwe moja moja, kwa sababu cha mbuga hakitoki, hata unyoya, hata jiwe, na kama nisingesema asingejua, lakini sasa anajua. Basi likashusha mizigo ya watu wa Mikumi likaondoka zake, na mimi nikamwaga gunia zima kando ya kizuizi.

Makubwa yalikuwa rahisi. Madogo yalinishinda. Mimi mtu wa bondeni, nisiyeijua bahari, nitajuaje kidude kidogo cheupe kimetoka majini au majanini? Bi Mwanaidi, ambaye gari moshi lake lilikuwa la jioni, alinitazama nikihangaika, mwisho akaweka kapu chini, akakunja doti la kanga, akakaa. Akaokota kimoja, akakiweka ulimini.

"Cha bahari hiki. Kina chumvi."

"Mama, unaonja ushahidi," Bwana Nyama akasema.

"Ushahidi wenyewe hauna pilipili."

Akaonja vingine vitano, akatema mate. "Yamelala gunia moja, yote yameingia chumvi. Ulimi haufai." Akaanza kuyabonyeza kwa vidole. La konokono huvunjika. La bahari halikubali. Ndivyo tulivyoendelea, bonyeza, tenga, bonyeza, tenga. Safari hii aliponikatia mkate nilipokea mara ya kwanza, naye akaniuliza kwa nini kule basini niliuchukia.

Tulikuwa tumebakiza rundo dogo tu niliposikia honi ya gari moshi la Kilosa. Nilisimama. Nikalisikia likisimama stesheni, nikalisikia likiondoka. Nikakaa tena. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

"Unalilia nini, mwanangu?" Bi Mwanaidi akauliza. "Kwani haya yote ni ya nini?"

"Chakula cha kuku."

Bwana Nyama akageuka. "Umesemaje?"

Nikamweleza: mayai laini, mama mdogo, mkutano wa kesho, mgawo wa kuku. Alivua miwani.

"Chakula cha kuku! Karibu saa tatu nzima nimesimama juani nikidhani unayapeleka makumbusho. Barua inasema maendeleo ya taifa! Ungesema kuku, ningekuazima karai na askari wawili, ukamaliza kabla ya saa saba."

"Na sisi Pangani hata maganda ya mayai tunawasagia," Bi Mwanaidi akaongeza kwa sauti ndogo. "Hata konokono. Kuku hachagui."

Nilimbebea Bwana Nyama yale maganda ya konokono mpaka ndani ya mpaka wake, nikayamwaga kwenye majani. Nilipokuwa nakung'uta mikono nikamwuliza swali lililonisumbua tangu pwani: makombe ya baharini, yanaruhusiwa kuokotwa au hayaruhusiwi?

"Mimi najua mpaka wangu," akasema. "Nje ya mpaka wangu na mimi huuliza watu."

Mikumi hadi Tindiga

Bwana Nyama alinitafutia lori la mbao lililoondoka Jumamosi alfajiri, likaniacha kijiji cha Masanze kwa sababu daraja la mbele lilikuwa limeliwa na maji. Kutoka hapo nikajitwika gunia.

Njiani mama mmoja wa wafugaji, akiwa na mtoto mgongoni, alisikia mzigo ukilia kichwani mwangu, akanisimamisha. Nilipomwonyesha, alichagua simbi moja dogo lenye madoadoa, akaliweka shingoni mwa mtoto kuona litakavyokaa, akaniuliza kwa Kiswahili cha kukata kata kama ninaweza kumpa. Akanipa kibuyu cha maziwa mgando ninywe. Nilikunywa. Kisha nikamwambia kwamba makombe ni mali ya kijiji na siwezi kutoa bila kikao. Alinirudishia simbi mkononi. Hilo nalo naliandika kwa sababu nimeahidi kuandika yote. Moja tu, kati ya gunia zima.

Nilifika Tindiga baada ya sala ya alasiri. Sikuhitaji kuuliza mkutano umeamua nini, kwa sababu kila nyumba niliyoipita ilinukia kuku.

Mama mdogo alikuwa amekaa mlangoni mwa banda, mlango wazi. Ndani walikuwa wamebaki kuku saba: mgawo wake, na wa akina mama wengine wawili waliokataa kuchinja. Nilimwamkia, akaitika. Nikatua gunia, nikamsimulia yote bila kujipunguzia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Uliwaambia ni chakula cha kuku?"

"Niliwaambia, mama mdogo."

"Lini?"

"Mwisho."

Aliingia ndani akatoka na kinu na mchi, tukaanza kutwanga, yeye na mimi kwa zamu, mpaka tukapata unga wa kujaza debe. Mwenyekiti alipita, akatukuta. "Lakini barua ilikuwa nzuri sana," akasema, na kweli alionekana haelewi. "Imekuwaje?"

Baada ya wiki tatu mayai ya wale saba yakawa magumu kama inavyotakiwa. Mama mdogo alimpelekea mwenyekiti moja, akaligonga mezani mbele yake, halikupasuka. Mwenyekiti akakubali kwamba dawa ni ya kweli. Lakini kuku wengine walishaliwa, na hakuna aliyesema wataletwa wengine.

Kama kuokota makombe kunaruhusiwa, sijui mpaka leo. Nikilala huwaza kwamba kukiri kule kizuizini kulikuwa sawa, kisha nikimwona mama mdogo anapita na debe la chakula kwa kuku saba, siwi na hakika tena.

Yaliyobadilika ni haya. Banda limefagiliwa, wale kuku saba wametengewa kona, na kisomo cha watu wazima tunakifanyia humo, jioni tatu kila wiki. Mama mdogo hukaa mbele. Amesema barua nyingine ya kijiji ataiandika yeye mwenyewe, na neno la kwanza alilotaka nimfundishe lilikuwa kuku.